Mkalimani Aliyemtangulia Mama

Pale mahakamani walimwita Redio, wala si kwa mapenzi. Mkalimani yule alikuwa na mdomo mwepesi: shahidi akianza tu, yeye keshafika mbele anamsubiri. Kazi yenyewe inataka hivyo. Ukingoja mtu amalize ndipo uanze, ya mwanzo yameshakutoka. Basi unasoma uso, unasikiliza pumzi, unakisia linalokuja. Hata nyumbani mkewe alikuwa amechoka naye. "Niache nimalize, baba watoto! Mdomo ni wangu!"

Siku hiyo aliletwa kijana aliyemvunja mama yake mkono. Hakimu alitaka kuamua jambo moja tu: kijana angojee kesi nyumbani, au rumande? Mama, mkono umefungwa plasta, hakujua lugha ya mahakama. Mwanawe aliijua.

"Mheshimiwa," mama akaanza, "huyu nimemzaa mimi. Nimemlea peke yangu..."

Redio alikwisha kuwatafsiria akina mama chungu nzima wa namna hiyo, na wote huishia pale pale. Akatangulia: "...na namwombea msamaha, arudi nyumbani."

Kijana akatabasamu. Mama akaliona lile tabasamu.

"We baba, umesema nini? Mbona huyu anacheka? Mimi sijamaliza!"

Redio akamtupia jicho hakimu. Hakimu alikuwa ameshashika kalamu.

"Malizia, mama," Redio akamwambia.

"Nimemlea peke yangu, na sasa namwogopa. Msimrudishe."

"Mheshimiwa," Redio akasema, "ule msamaha ni wangu. Mama anasema anamwogopa. Asirudishwe."

"Wako?" Hakimu akavua miwani. "Basi ulitaka arudi nyumbani kwa nani, kwako?"

Karani akaangua kicheko. Kijana hakucheka tena. Akamgeukia mama yake na kumwambia taratibu, kwa lugha yao, "Haya, mama. Siku nikitoka..."

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

Redio aliyajua yaliyobaki. Yalikuwa yamemjaa mdomoni. Akayameza.

"Amesema: haya, mama, siku nikitoka."

"Halafu?"

"Halafu amenyamaza, Mheshimiwa."

Hakimu akamtazama kijana, kisha akautazama ule mkono. "Rumande."

Mlangoni Redio alimpisha yule mwanamke, akainamisha kichwa. "Mama, naomba..."

"Usiniite mama," akamkata. "Leo ungeniua kwa mdomo wako."