Reno ya Solofo Inachemsha

Sisi madereva wa teksi wa Antananarivo tuna ugonjwa mmoja: tukifika juu ya kilima tunazima injini, gari linateremka lenyewe, petroli inabaki kwenye chupa ya plastiki tunayoitumia badala ya tangi. Solofo alifundishwa hivyo na baba yake, aliyemwachia teksi yake kuukuu, Reno.

Mwaka mmoja Reno ikaanza kuchemsha. Kijiweni tukamtania kwa kinywaji chetu cha ukoko wa wali uliochemshwa, "Solofo, maji ya ukoko yameiva?" Hakucheka, na leo naona haya kwa utani ule. Mkewe, Voahangy, alikuwa na mimba kubwa, na mtoto wao wa kwanza walimpoteza wakiwa bado barabarani wanatafuta usafiri. Safari hii Solofo aliapa atampeleka hospitali mwenyewe.

Akabadilisha mfuniko wa rejeta, akabadilisha pampu ya maji. Bado. Mwishowe fundi Tojo akafunga boneti, akaketi kiti cha mbele.

"Endesha unavyoendesha siku zote."

Wakapanda kilima salama. Kileleni Solofo akazima. Katikati ya mteremko, mvuke huo.

"Ndugu yangu, unaliua mwenyewe," Tojo akasema. "Limetoka kupanda, linatokota, wewe unasimamisha feni na pampu. Maji yatapozwa na nini?"

"Baba alizima miaka yote."

"Alizima likiwa jipya. Sasa gasketi imeungua. Mpaka nipate nyingine, usilizime likiwa moto. Huenda lisiwake tena."

Solofo alinuna siku nzima. Kukubali kwamba baba alimfundisha vibaya kulimuuma.

Gasketi haijapatikana, uchungu ukaanza. Asubuhi hiyo walipofika kileleni, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Voahangy akaudaka, akaubana kwa nguvu zote za uchungu wake.

"Thubutu," akamwambia.

Hospitalini wauguzi wakamchukua. Solofo akabaki kwenye usukani, injini inanguruma, mshale wa joto uko kwenye nyekundu, petroli inaishia chupani. Aliogopa kuzima. Teksi ile ndiyo wali wao, hawakuwa na kingine.

Muuguzi akatokea mlangoni. "Baba, mkeo anakuita. Anasema bila wewe hasukumi. Zima hilo gari uingie."

Solofo aliutazama ufunguo. Akazima. Mvuke ukafoka chini ya boneti, naye alikuwa ameshaingia ndani.