Mgeni Aliyeshona Bila Uzi

Sitaapa. Anayeapa sana ndiye anayetiliwa shaka, na mimi sina faida yoyote ya kuwadanganya. Nitaeleza kama yalivyokuwa, atakayeamini ataamini. Naomba jambo moja tu kabla sijaanza: msiniulize majina ya ndugu zangu. Nitasema "dada yangu" na "wadogo zangu", basi. Mkifika mbele mtaelewa.

Mimi ni kifunguamimba. Nyuma yangu wako watatu, dada mmoja na wavulana wawili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujatimia, nami nikaacha shule kidato cha kwanza nikakaa kwenye cherehani ya marehemu baba, pale Kinondo, kando ya barabara. Watu husema niliacha shule kwa shida. Ni kweli, lakini kuna na kweli nyingine ambayo sikuwa nikiisema: nilipenda kushona. Nilipenda hata kule kuisafisha mashine, kuitia mafuta, kusikiliza gurudumu likizunguka bila kukwaruza. Wenzangu wa Ukunda wana cherehani za umeme na hunicheka. Mimi nazipenda zile za zamani, nyeusi, za chuma, zenye maua ya dhahabu yaliyofutika kwa viwiko vya watu. Kichwa kimoja cha cherehani nilikikuta Samburu kimewekwa kuzuia mlango wa duka usijifunge kwa upepo. Kingine nilipewa Matuga, kuku alikuwa akikilalia. Nilivirudisha vyote viwili vikashona.

"Kaka," dada yangu alikuwa akinitania, "wewe posa utaipeleka kwa cherehani."

Nilicheka naye, lakini nje ya nyumba sikuwa na wa kuzungumza naye mambo hayo. Ukikaa barazani na wanaume wenzako ukawaambia umefurahi leo kwa sababu pindo la dira limelala sawa, watakutazama vipi? Basi nilinyamaza. Nami naamini ni huo unyamavu ulioniponza.

Mtaniambia majini hutembea usiku. Huyu alikuja saa nane mchana, jua likiwaka. Jirani yangu, Bi Mwanatumu, anayeuza viazi vya karai, alikuwa amesinzia nyuma ya karai lake, leso usoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kaptura mbili za shule za wadogo zangu, nimezitundika ukutani. Akaingia mtu mzima, mrefu, kanzu nyeupe safi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia marahaba. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya baba, akaipapasa shingo kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake.

"Chuma hiki kimetunzwa," akasema.

Maneno hayo matatu yalinilegeza. Na aliyajua mambo! Alizungumzia sauti ya bobini inayokaribia kuisha uzi, harufu ya mafuta yaliyolala, namna ya kuponya mkanda wa ngozi uliolegea. Nilijisikia kama mtu aliyeishi ugenini miaka mingi, ghafla akasikia lugha ya kwao. Sijui tulizungumza muda gani. Mwisho akasema, "Nipishe nikanyage kidogo."

Sisi mafundi hatumkalishi mtu tusiyemjua kwenye cherehani zetu. Mashine huzoea mguu mmoja. Lakini siku ile nilisimama upesi, hata kiti nikamfutia vumbi.

"Ngoja nikutungie uzi," nikasema.

"Acha. Uzi ninao."

Tukimaliza kazi huacha kipande cha nguo chini ya sindano, ili meno ya mashine yasisagane na chuma kitupu. Alikitoa kipande hicho akakiweka kando, akaanza kukanyaga. Hakuna uzi, hakuna nguo. Nikadhani anasikiliza mashine tu, kama mimi ninavyofanya.

"Umeoa?" akauliza huku akikanyaga.

"Bado. Nalea wadogo zangu kwanza."

"Mashaallah. Mkubwa wao ni nani?"

Nikamtajia. Kwa nini nisimtajie? Nani aliyelea watoto wa mamake asifurahi kuulizwa habari zao? Nikataja jina la dada yangu, nikataja na la baba, nikaongeza yuko kidato cha nne na ana kichwa chepesi. Hapo hapo sauti ya cherehani ikabadilika. Mashine isiyo na nguo hulia kwa wepesi. Ikishika nguo, sauti huwa nzito. Ilikuwa nzito, na chini ya sindano hapakuwa na kitu.

"Na anayemfuata?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Alikuwa amenyoosha mkono kulishika gurudumu, nami jicho langu likaenda kwapani mwake, kwa mazoea ya kazi. Hapakuwa na mshono. Nikatazama begani, shingoni, kwenye pindo. Nguo nzima haikuwa na mshono hata mmoja. Niambieni, mkono wa kanzu unaungana vipi na kiwiliwili chake bila kushonwa?

"Ni huyo mmoja tu," nikasema.

"Mmoja? Na kaptura zile mbili?"

"Za wateja."

"Za wateja," akarudia polepole. Akacheka, akainuka, akatoka. Sikusikia kiatu chake kwenye kokoto.

Sikuwa nimepata hata pumzi, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa dada yangu. "Njoo shuleni haraka. Dada yako amefungika mdomo."

Alikuwa akisoma kwa sauti mbele ya darasa, midomo ikafungika katikati ya neno. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, macho wazi, machozi yanamtiririka, anapumua kwa pua. Tulimkimbiza zahanati. Mhudumu alijaribu kumfungua kwa kijiko, hakuweza. Akasema huenda ni mshtuko, akamchoma sindano, akatuambia tungoje mpaka asubuhi, asipofunguka tumpeleke Msambweni. Asubuhi! Mtoto hawezi kumeza hata maji, nami niambiwe asubuhi?

Nilimshika uso nikapitisha kidole gumba kwenye midomo yake. Kwa macho huoni kitu. Kwa kidole nilihisi mstari wa punje ndogo ndogo, zimepangana sawasawa, na kila baada ya punje saba, moja haipo. Cherehani ya baba inaruka. Kila mishono saba inaruka mmoja, ugonjwa niliohangaika nao miezi bila kuuponya. Kila fundi anaujua mshono wa mashine yake kama anavyoujua mwandiko wake.

Nikampakia kwenye bodaboda tukarudi dukani. Ilikuwa karibu na magharibi. Bi Mwanatumu alikuwa akifungasha vyombo vyake.

"Leo wazimu wako umezidi, mwanangu," akaniambia. "Mchana kutwa waongea peke yako na hiyo cherehani. Mara namsikia dadako aitwa kwa jina lake kamili. Kulikoni?"

Nilifungua mlango. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mguu kwenye kanyagio. Msiseme niliota, maana dada yangu alimwona vilevile. Alinifinya mkono kwa kucha mpaka leo alama ipo.

"Umerudi," yule mtu akasema. "Nitajie wa pili, huyu nimfungue."

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri. Niliwaweka wadogo zangu wawili mbele ya macho yangu, nikawalinganisha. Mungu anisamehe. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini niliivuta.

"Chukua langu," nikasema. "Jina langu ni..."

"La kwako halina kazi. Mtu hajitoi mwenyewe. Jina hutolewa na anayempenda mwenye jina."

Akaanza kukanyaga taratibu, na dada yangu akakunja uso kwa maumivu. Hapo ndipo nilipokumbuka kosa la kila mwanafunzi wa cherehani. Siku ya kwanza mguu haujazoea, unakanyaga vibaya, gurudumu linarudi nyuma, na likirudi nyuma uzi hukatika. Marehemu baba alinichapa vidole kwa kosa hilo mara ngapi! Nililirukia gurudumu, si yeye. Nililishika kwa mikono miwili nikalivuta kinyume. Lilikuwa zito kana kwamba limefungwa kwenye kitu kilicho mbali sana. Mguu wake ukasukuma mbele, mimi nikavuta nyuma. Alinitazama tu, bila hasira, kama fundi anayemtazama mwanafunzi anayeharibu nguo.

Kikakatika kitu. Kilitoa mlio mwembamba.

"Kaka!" dada yangu akapiga yowe.

Kiti kilikuwa kitupu. Kiganja changu kilichanika kutoka kidole hadi kidole, mkato mwembamba, ule unaoachwa na uzi uliovutwa.

Tangu siku hiyo sijawaita ndugu zangu kwa majina. Nasema "wewe", nasema "mkubwa", nasema "wa mwisho". Yule wa mwisho aliwahi kuniuliza, bila utani, kama nimelisahau jina lake. Cherehani bado ninayo, ndiyo inayotulisha, na sitasema uongo, bado naipenda. Ila nikiwa peke yangu siikanyagi bila kuimba, nisije nikaisikia sauti yake ikiwa nzito.

Mwaka jana dada yangu aliolewa. Baba hayupo, kwa hivyo walii wake, wa kumtaja na kumwozesha, ni mimi. Sheikh alinituma na mashahidi wawili nikamwombe idhini. Alikuwa ndani, kichwa kimefunikwa, wanawake wamemzunguka.

"Dada, umeniruhusu nikuozeshe?"

Kimya.

"Alhamdulillahi," shahidi mmoja akasema. "Mwari akinyamaza amekubali. Twende zetu, watu wangoja."

"Hatuendi," nikasema.

"Una nini wewe? Kimya chake ni ridhaa, kila mtu ajua."

"Sitoki hapa mpaka aseme!"

Wanawake wakaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akacheka, akasema kaka mtu hataki kumtoa dadake. Nikapiga magoti mbele ya dada yangu, nikashika ncha ya mtandio.

"Nakuomba," nikamwambia. "Neno moja."

Kisha, kwa sauti ndogo, ya mtu mwenye haya mbele za watu, akasema, "Nimekubali, kaka. Na wewe sasa nenda ukanitaje."

Nilikwenda. Mbele ya wanaume wote wale nililitamka jina lake, kwa mara ya kwanza tangu mchana ule, nami nikamaliza nikiwa nimelowa jasho.

Basi nanyi mnaopenda kitu ambacho wenzenu hawakielewi, nawaonya. Ipo siku atakuja mtu anayekielewa. Mkaribisheni, zungumzeni naye mpaka mchoke. Lakini akikuuliza nyumbani yuko nani, mwambie unaishi peke yako. Ni uongo, najua. Useme.