Paa Lililoanguka na Winga Juu Yake

Paa liliniangukia nikiwa nimeinama juu ya gunia langu la majani chai. Kwanza mbao, halafu mabati, na juu ya mabati winga mzima na njumu zake. Yeye alitua kwa lundo la majani, akainuka akicheka. Mimi mguu ulivunjika, na mpaka leo unatangaza mvua kabla ya redio.

Winga mwenyewe alikuwa kijana wetu wa Boito, anasoma chuo cha ualimu, na huko chuoni bila yeye hakuna goli. Likizo alichezea timu yetu ya wachuma chai, uwanja ukiwa kando ya kituo cha kupimia majani. Tulikuwa na desturi: mfungaji wa goli la ushindi anatiwa ndani ya kikapu cha kuchumia, anapandishwa juu ya paa la kituo, anapungia watu mkono kama mheshimiwa. Siku hiyo tulichapa timu kutoka Sotik. Kikapu kikapanda, na timu nzima ikapanda nyuma yake.

"Shukeni! Nguzo zimeliwa na mchwa!" nikapiga kelele nikiwa ndani.

"Wewe dada, pima majani yako," mwenyekiti wa kituo akanijibu. "Hii paa imebeba mvua ya Boito, itashindwa na winga?"

Ilishindwa.

Hospitalini winga aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akanichekesha mpaka plasta ikauma. "Dada, siku nikipata ofisi, nitaanza na hicho kituo."

Ofisi alipata. Leo ndiye mkubwa wa ujenzi hapa kwetu, na sitamsingizia, ni mtu wa kazi. Daraja amejenga, zahanati amejenga, na chai ya mtu hanywi isipokuwa ya kikombe. Lakini kituo? Nguzo ni zile zile, zimefungwa waya. Mwenyekiti ni yule yule. Na binti yangu ndiye anapima majani pale sasa.

Juzi winga alikuja kwa baraza, tumbo likitangulia, akaketi kando ya mwenyekiti. Nikasimama na fimbo yangu.

"Dada yangu wa paa!" akaita. Watu wakavunjika mbavu, hata mimi.

"Ndiyo mimi. Mwenyekiti aliambiwa mchwa, akaniambia nipime majani. Wewe ulianguka nayo, ukaahidi. Nani kati yenu atajibu? Na asijibie hapa kwa kiti. Twendeni kituoni, binti yangu atoke nje, nyinyi wawili muingie chini ya hiyo paa, mtujibu mkiwa huko."