Mto wa Mama Mdogo Espe

Jaketi la kuelea likilowa kisha likaanikwa juani, hutoa harufu ya plastiki ya moto, tope la mto na jasho la mtu aliyelivaa kabla yako. Mwezi uliopita vijana wa kanisa letu walikwenda kupanda mitumbwi kwenye bwawa moja hapa Johannesburg, nami nikafuatana nao. Yule mwenye mitumbwi aliponivisha jaketi na kunikaza mikanda kifuani, nikashindwa kutulia. Wenzangu walidhani naogopa maji. Maji sikuyaogopa. Harufu ile ilikuwa imenirudisha Ufaransa, nina miaka kumi na mmoja, na sijui kwa nini watu wazima wote wananitazama vile.

Nianzie nyumbani, maana ndiko jambo lenyewe lilikoanzia. Tulikuwa tukikaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, sisi na familia moja ya Warundi na fundi viatu Mtanzania aliyeimba kuliko alivyoshona. Mama alisuka nywele saluni. Baba alikuwa mlinzi wa usiku na mchana alilala, kwa hiyo utoto wangu niliupitisha nikinong'ona. Mwaka ule wa 2017 kunong'ona kukatoka nje ya nyumba. Mama alinikataza kusema Kiswahili ndani ya teksi. Siku nyingine saluni ilifungwa mapema, mlango wa chuma ukashushwa huku mteja amesukwa nusu ya kichwa. Nikiuliza kuna nini, mama alinijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Ni baridi tu, Furaha." Na kweli ilikuwa baridi, Juni ya Johannesburg hupasua midomo. Nikaamini.

Ndipo mama mdogo Espe, mdogo wake mama, akatuma tiketi ya ndege. Alikuwa ameolewa na Mfaransa, wakiishi kijijini kando ya mto, na mumewe alikodisha mitumbwi kwa watalii. "Ni likizo," mama akasema. "Uende ucheze, uone ile mto." Nikajivuna mtaa mzima, hadi kwenye duka la spaza la kona. Mama akanipangia sanduku. Alitia magauni yangu yote ya kanisani, hata lile la bluu ambalo bado lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilicheka nikamwambia hilo ni kubwa. Alilikunja tena upya, taratibu, akalirudisha.

Bonde la mto ule nikilieleza mtadhani natia chumvi. Huku kwetu nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya kadibodi, kule kila kitu kilikuwa kibichi. Mto ulipita katikati, mpana na wa kijani, upande mmoja mashamba ya mahindi na miti ya jozi, upande wa pili majabali meupe yaliyosimama wima, na juu ya majabali nyumba zimeng'ang'ania kama viota. Jioni mawe yalikuwa bado ya moto, ukiegemea ukuta unakupasha mgongo. Mume wa mama mdogo, niliyemwita tonton Alain, yaani baba mdogo, alikuwa jitu la mtu lenye ndevu, na Kiswahili chake kilikuwa neno moja tu, "twende." Alilitumia kwa chakula, kwa kulala na kwa kwenda.

Na kwenda tulikwenda. Mama mdogo alinitembeza kama mtu anayefukuzwa. Tulipanda ngome iliyokuwa juu ya jabali, ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu wa zamani. Tukaingia pangoni kuona farasi na ng'ombe waliochorwa ukutani na watu ambao hata majina yao hayajulikani, na nikapiga chafya mpaka mwongozaji akaniangalia vibaya. Sokoni nikaonjeshwa jibini yenye harufu ya soksi za baba. Kila mahali mama mdogo aliniuliza, "Umepapenda? Sema kweli, umepapenda?" Nikisema ndiyo, ananishika mkono kwa nguvu kidogo. Kisha hatukai. Twende.

Siku moja akanipeleka kuona shule. Ilikuwa imefungwa kwa likizo, uwanja mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza. Mama mmoja mwenye miwani alitufungulia, akanionyesha darasa, akaniuliza ninapenda somo gani. Mimi nikadhani Wafaransa huzuru shule kama wanavyozuru ngome. Nikatazama dari kwa heshima, nikasema ni nzuri sana.

Jioni nilimpigia mama simu kumhadithia. Nilimwambia habari za farasi wa pangoni, kuogelea, na chumba changu chenye dirisha la kutazama mtoni, kuta zimepakwa rangi ya manjano mpya kabisa. Mwanzo aliuliza mengi: ulikula nini, unalala muzuri, wanakuchekea? Lakini siku zilivyokwenda, kadiri nilivyosifu ndivyo alivyonyamaza. Nikafikiri ni mtandao. Nikapaza sauti. "Ninakusikia, Furaha," akasema. "Ninakusikia sana." Na mimi usingizi ukaanza kunipaa. Mwilini kulikuwa na kitu kinanitembea, kama siku za nyumbani mlango wa saluni ukishushwa, ila hapa hapakuwa na mlango wala baridi.

Likizo ilipokaribia mwisho, mama mdogo nami tukateremka mtoni kwa mtumbwi, majaketi ya kuelea vifuani. Tonton Alain alitutangulia kwa gari kutusubiri kijiji cha chini, kwenye daraja. Mchana tukatia nanga kwenye ufuko wa changarawe, tukala mkate na nyanya. Mama mdogo alikuwa na furaha. Akanyoosha miguu majini akasema, "Septemba ndio wakati mzuri. Watalii wanaondoka, tunabaki sisi tu. Utaona."

Nikaacha kutafuna. "Sisi nani?"

Akageuka. Mpaka leo naukumbuka uso wake ulivyobadilika. "Mama yako hakukwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema atakwambia kwenye simu. Furaha, kule kwenu si pazuri siku hizi, wageni wanapigwa. Mama yako aliniomba nikae nawe. Usome huku. Ile shule—"

Hakumaliza. Niliruka nikasukuma mtumbwi, nikaingia, nikaanza kupiga kafi. Msinicheke. Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba mito yote huingia baharini, na ramani ya ukutani ilionyesha bahari moja inayoshuka mpaka Afrika Kusini. Hesabu yangu ilikuwa hiyo.

Mto ulikuwa mpole tulipokuwa wawili. Nilipokuwa peke yangu ulinichukua. Mtumbwi ukageuka ubavu, kafi ikanichomoka mikononi, nikajikuta naelekea mahali maji yanapokazana chini ya jabali. Nikamsikia mama mdogo anakimbia ukingoni, viatu vimemvuka, anapiga kelele kwa Kiswahili, bonde zima likirudisha sauti: "Furaha! Lala chini! Usisimame!" Nikalala. Mtumbwi ukajipachika kwenye matawi ya mti ulioangukia majini, ukatetemeka hapo, maji yakianza kuingia.

Aliingia mtoni na nguo zake. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani, kisha shingoni, akishikilia matawi, mkono kwa mkono, macho yamemtoka. Alipofika akashika kamba ya mtumbwi. Alinivuta mpaka ukingoni, tukaketi kwenye tope tunatetemeka. Sikusikia karipio. Baadaye sana akasema, "Basi. Twende nyumbani," na mimi sikuthubutu kuuliza nyumbani wapi.

Jioni ile alinipa simu mwenyewe, akatoka nje. Nikamwambia mama nataka kurudi. Nikalia kwa kelele mpaka kwikwi. Kisha mama akacheka. Alicheka kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nimwache uwanja wa ndege, akacheka hadi akakohoa. Nilikasirika sana. Mimi nalia, mzazi wangu anacheka! Nikamkatia simu.

Nilirudi kabla shule hazijafunguliwa. Mama mdogo alinisindikiza mpaka mlango wa mwisho wanaporuhusu, akanitengeneza kola, akaondoka haraka bila kugeuka. Nilimwona ni mtu baridi. Nyumbani hapakuwa pamebadilika kitu: baba kalala, fundi viatu anaimba, mlango wa saluni unapanda na kushuka.

Yaliyobaki niliyajua kwa vipande, nikiwa mkubwa. Kicheko kile sasa nakielewa. Nimemwona mama akicheka vilevile daktari alipomwambia uvimbe wa baba si kitu. Habari ya mama mdogo aliniambia tonton Alain kwenye simu, Kifaransa changu kilipokuwa kimekomaa. Mkewe hajui kuogelea. Ameishi kando ya mto ule miaka yote bila kuingia maji kupita magoti, na hata kwenye mtumbwi hakai bila jaketi. Siku ile alilivua ili tule. Na ile rangi ya manjano waliipaka wawili, wakibishana ni manjano gani mtoto wa kike atapenda. Wao wenyewe hawakujaliwa watoto.

Juzi nilimuuliza mama kama alijuta. Alikuwa anamsuka mteja, nje kukiwa na makelele ambayo yangeweza kuwa mpira au yangeweza kuwa kitu kingine, na sote watatu tulikuwa tumetega sikio bila kukiri.

"Ungebakia kule," akasema, vidole vikiendelea, "ile miaka yote ningelala muzuri."

Akafunga msuko, akachukua mwingine.

"Kisha asubuyi ningeamuka, nikuone wapi?"