Watu Watatu, Mdomo Mmoja

Mwezi wa Machi mwaka jana nilimpoteza mume wangu, Kamau. Tulimzika hapa Bahati, upande wa chini wa shamba. Juu ya kilio chenyewe sina mengi ya kusema, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wa mume aujuaye ni mjane. Nataka nikusimulie, mwanangu, jambo lililotupata miezi michache baadaye, kwa sababu wewe unasoma, na mikononi mwako zitapita karatasi nyingi kuliko zilizopita mwangu. Mimi niliishia darasa la saba.

Mjukuu wangu Wairimu alikuja likizo kutoka chuoni na kazi ya kuandika. Alikuwa amechagua kueleza jinsi maji ya bomba yalivyofika kijijini kwetu, na Jumatatu alitakiwa kuipeleka kwa mwalimu wake. Ijumaa alinisomea alichoandika. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mradi wa maji ulianzishwa na marehemu guka yake, yaani babu yake, Kamau.

"Hayo umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa ile historia yake, Shosho. Ile ya mazishi."

Unaijua desturi yetu. Mtu akifa, kamati huketi, ikaandika historia ya marehemu, ikapigwa chapa pamoja na nyimbo na picha, ikasomwa mbele ya jeneza. Sijawahi kusikia historia ikisema marehemu alikuwa mkali au mvivu. Ya Kamau iliandikwa na mpwa wetu anayekaa mjini, mtaa wa Free Area, kijana mwema, ambaye hakuwa amezaliwa bomba lilipozikwa.

"Karatasi hiyo ilikuwa ya kutufuta machozi," nikamwambia. "Haikuandikwa ili mtu aitegemee."

"Lakini si hiyo peke yake! Niko na tatu." Akanionyesha simu. Ukurasa wa kijiji mtandaoni ulisema hivyo hivyo. Jarida la chama cha wakulima nalo lilisema hivyo hivyo. "Tatu, Shosho. Ukiwa na tatu uko poa."

Hapo nikamkumbuka baba yangu.

Tulikuwa tukiishi Mau Narok, mimi nikiwa msichana, na ulikuwa msimu wa kupanda viazi. Baba alikuwa amepata mbegu kwa jirani yetu, Mama Wambui. Kaka yangu Ndung'u akaja mbio kutoka kwa mashine ya kusaga unga: mbegu za Mama Wambui zina ugonjwa wa mnyauko, watu watatu wamesema! Mama akataka tuzitupe papo hapo. Mvua ilikuwa imeshaanza. Tukizitupa, msimu umetupita. Tukipanda zenye ugonjwa, udongo wenyewe umeharibika. Baba hakupaza sauti.

"Wamesema," akamwambia kaka. "Wameona?"

Kaka akasema hajui.

"Rudi ukamuulize kila mmoja alisikia kwa nani. Na uende na dada yako."

Tulikanyaga tope mchana kutwa. Wa kwanza aliambiwa na fundi wa baiskeli. Wa pili aliambiwa na fundi huyo huyo. Wa tatu, kadhalika. Na fundi, tulipomfikia, hakuwa ameiona mbegu hata moja ya Mama Wambui. Alikuwa na zake za kuuza.

"Basi hao si watu watatu," baba akasema. "Ni mdomo mmoja uliopita njia tatu."

Usidhani sasa aliziamini zile mbegu. Alichukua kisu, akavipasua viazi kadhaa, akitafuta ile pete ya kahawia ambayo ugonjwa huacha ndani. Hakuiona. Ndipo tukapanda.

Nikamuuliza Wairimu, "Hizo tatu zako zinasema Guka alikuwa na watoto wangapi?"

Akapekua. "Sita. Zote zinasema sita."

"Mimi nilizaa watano."

Wa sita ni mtoto wa dada yake Kamau, tuliyemlea, na yule mpwa alimhesabu kwa mapenzi. Wairimu akazilinganisha zile kurasa tatu. "Zimekopiana," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Basi ni nani aliyeanzisha?"

"Mtaro ulipochimbwa guka yako alikuwa Mau Narok kwenye mavuno ya ngano. Alirudi maji yakiwa yameshafika. Baadaye alikuwa mwenyekiti, na aliutunza mradi vizuri."

Akasimama ghafla. "Shosho! Hata mwaka haujaisha na unamnyang'anya!"

Neno hilo lilinikata. Kwenye kaburi nilikuwa nimesikia maneno yale yale yakisomwa, na hakuna mjane anayemkatiza msomaji mbele ya jeneza. Lakini hii ilikuwa kazi ya shule, na watakaoisoma hawatajua ilitoka kwenye kilio. Nikamwambia, "Hata mimi usiniamini bure. Nilikuwa mke wake, na kumbukumbu ya mzee hupauka kama nguo. Kesho twende kwa Njoroge; yeye alikuwepo mtaro ukichimbwa."

Chakula cha jioni hakukigusa.

Mzee Njoroge alikuwa ameinuka na kuondoka mazishini historia ikiendelea kusomwa. Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga kwetu. Tulimkuta akikatia ng'ombe majani, panga mkononi.

"Mmeniletea historia ingine?" akauliza, bila kutusalimu.

"Tumekuja kuuliza, Guka," Wairimu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Basi andika. Njoroge alianza peke yake. Hao wengine walikuja kunywa."

Nilidhani msichana ataandika hivyo, aondoke na hasira yake. Lakini akamuuliza, "Siku ya kwanza ya kuchimba, ulikuwa na nani?"

"Na nani? Wewe, mtaro kutoka msituni mpaka hapa utachimbwa na mtu mmoja? Unaniona kama trakta?"

Nikacheka kabla sijajizuia. Naye mzee mdomo ukamcheza. Akaliweka panga chini, akaanza kutaja majina, mengi yakiwa ya wanawake waliokuwa wamechoka kubeba mitungi. Wawili kati yao bado wako hai.

"Na guka yangu?"

"Hakuwepo. Lakini bomba lilipopasuka wakati wa mvua kubwa, sisi sote tulikata tamaa. Yeye ndiye aliyelirudisha. Hilo pia uliandike."

Mchana huo Wairimu aliwaendea wale wanawake wawili, kila mmoja kwake, bila mmoja kusikia aliyosema mwenzake. Majina yalilingana, na habari ya bomba kupasuka pia.

Jumapili akaiondoa ile sentensi na nusu ya kazi iliyoiegemea. Akaandika majina ya waliochimba, akaandika alichofanya Kamau, akaandika pia kwamba historia ya mazishi inasema vingine na kwa nini hakuifuata. Akanisomea. Nikamwomba arudie pale penye jina la mume wangu.

"Guka angekasirika?" akauliza.

"Jioni moja tu," nikamwambia.

Mwanangu, ukishika karatasi yoyote, iwe ya kitabu au ya simu, muulize aliyeiandika: ulikuwepo? Kama hukuwepo, ulisikia kwa nani? Na ukiaminiwa, wewe unapata nini? Usihesabu midomo kabla hujajua ilikonywea. Anayesema usilotaka kusikia msikilize, na anayesema unalotaka kusikia mpime mara mbili, maana penye mapenzi macho hufumba. Aliyedhulumiwa naye anaweza kuongeza chumvi. Ukishindwa kujua, andika kwamba hujui; hakuna aibu hapo. Ile karatasi ya mazishi mimi ninayo ndani ya Biblia. Naisoma ninapomlilia Kamau. Kuisoma ili nijue, hapana.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Kalamu yako isimfute aliyechimba, wala isimpake mtu rangi asiyokuwa nayo, na jina lako lisomwe kwa amani popote litakapoandikwa.

Wairimu aliipeleka kazi yake Jumatatu. Mwalimu bado hajairudisha.