Riwaya Iliyoivisha Maharage ya Msiba

Asubuhi ile nilikichoma kitabu changu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mchana wa siku hiyo hiyo nikakisikia kinasomwa kwa sauti mbele ya watu.

Usicheke. Silewi, sivuti. Mimi ni mtu wa rozari. Haya yalinikuta Isikizya, kwenye mazishi ya shangazi yangu Imakulata.

Naitwa Advera, fundi cherehani wa Tabora mjini.

Shule niliikatisha nikiwa mtoto. Nilirudi nikiwa mtu mzima, darasa la jioni, magoti yakigonga meza, kwa sababu moja tu: nilitaka siku moja nisimame kanisani nisome Neno la Mungu bila kumwangalia mtu usoni kuomba msaada.

Mungu alinipa. Nikawa msomaji wa misa.

Lakini kuna kitu kingine alinipa ambacho sikuomba.

Mwalimu wetu Zablon alitupa insha: andikeni kazi walizofanya babu zenu. Wangu alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kichwani kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani. Nikaandika juu ya mpagazi nikampa jina Mlekwa. Kila mwenzake akifa njiani, mzigo wa Mlekwa unaongezeka uzito, kwa sababu wafu wanaukwea ili warudishwe kwao. Na akiutua tu, hata mara moja, wale wafu wanaota mizizi palepale.

Insha ikakataa kuisha.

Mwalimu akasoma, akanirudishia. "Mama Advera, hii si insha. Hii ni riwaya. Endelea."

Nikaendelea. Mwanangu wa mwisho alikuwa chekechea nilipoanza. Sasa yuko kidato cha pili na ana ndevu.

Nilikuwa naandikia barazani, kati ya mteja na mteja. Na nilikuwa nasoma kwa sauti kila nilichoandika. Mtu wa darasa la jioni haiamini sentensi mpaka aisikie.

Jirani yangu wa baraza lile ni Shaban, fundi viatu. Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo ni watani, na huo utani, wazee wanasema, ulizaliwa kwenye njia ileile ya misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo na babu zake wakawapokea kwa vicheko.

Kila asubuhi ananichana.

"We Mnyamwezi, mzigo umefika wapi leo?"

"Umefika kwa mama yako."

"Mwambie huyo Mlekwa apande treni! Ukoo mzima hamna akili, kazi kubeba tu!"

Nilimwona mtu wa ovyo.

Mtu wa maana, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa Kasimiri.

Kasimiri alijiita mkufunzi wa waandishi. Alikuwa na kundi la WhatsApp na miwani isiyo na kioo. Hajawahi kuandika hata tangazo la kupotea mbuzi, lakini kufundisha, utampenda.

Akasoma kurasa chache, akaguna.

"Mama, fantasia ina kanuni. Ngome iko wapi? Joka liko wapi? Theluji iko wapi?"

"Theluji ya Tabora?"

"Ndiyo maana ya fantasia, mama! Hii yako ni vumbi tupu. Nani atanunua vumbi?"

Nami nikamwamini! Nilisali novena kwa ajili ya theluji. Sijui ni mtakatifu gani anashughulika nayo, nikamwachia Mungu achague. Nikaenda duka la soda, nikakwangua barafu kwenye friza nikiigusa na kuilamba, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina mimba.

Basi Mlekwa wa watu akavalishwa koti. Akapigwa na theluji mlimani. Joka likatua kwenye ngome, sijui lilitokea wapi, hata lenyewe halikujua. Kasimiri akatuma vidole gumba vitatu.

Kisha akaja Magreth.

Magreth ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Ni mtu ambaye akikuombea unatoka na majeraha. Alisikia nina kitabu cha wafu wanaoongea, na hakuhitaji kusikia zaidi. Kukisoma? Asome ya nini! Watu kama Magreth wanajua kitabu kwa kukinusa.

"Dada Advera, huwezi kusoma Neno la Mungu Jumapili, Jumatatu unaandika mizimu. Padri amesema uchague. Kitabu kichomwe, au altareni usikanyage tena."

"Padri amesema?"

"Padri mwenyewe."

Nililia, nikasali. Nilijifunza kusoma kwa ajili ya ile altare. Kama Mungu anaitaka riwaya yangu, nani mimi wa kumnyima?

Ndipo shangazi akafariki. Nikashona gauni lake la kuzikwa, nikafunga safari ya Isikizya, na kitabu nikakibeba. Magreth alikuja na jumuiya nzima, na Shaban naye akaja kama mtani. Asubuhi akanifuata jikoni nje, kwenye mafiga.

"Leo ni siku nzuri ya kujitakasa."

Nikaingiza kurasa chini ya sufuria la maharage, fungu baada ya fungu. Mlekwa na wafu wake wote wakawa moshi. Magreth akasimama pale mpaka la mwisho, akasema amina, kisha akauliza kama maharage yameiva.

Yaliiva. Msiba mzima ulikula maharage yaliyopikwa kwa riwaya.

Tulipotoka kaburini, watu wakiwa na sahani mikononi, Shaban akaanza kazi yake ya utani.

Asiyejua mambo yetu aelewe: msibani mtani ana ruhusa. Atakutukana, atamwiga marehemu, atachukua kitu chako na hakirudishi mpaka ukikomboe. Na wewe huruhusiwi kununa.

"Enyi Wanyamwezi, mabingwa wa kubeba!" akapaza sauti. "Mmebeba pembe za watu mpaka Bagamoyo, leo mmeshindwa kumbeba bibi mmoja bila kupumzika mara mbili! Nimeona aibu mimi!"

Watu wakacheka machozi yakiwatoka.

Akaukwapua mfuko wangu wa ushonaji. Akajifunga khanga yangu. Akatoa bunda la karatasi lililofungwa kitambaa, akaliinua juu.

"Na huyu ameleta kitabu! Kaeni kimya, nawasomea!"

Akakaa ninavyokaa mimi, akalamba kidole ninavyolamba, akaanza kwa sauti yangu ya kuburuza:

"'Siku msafara ulipoondoka, mama yake Mlekwa hakulia. Alimfunga mwanawe kata mpya ya kubebea mzigo kichwani, akamwambia, kichwa chako ni changu, kirudishe.'"

Sahani ikaniponyoka.

Ni sentensi yangu. Ya kwanza kabisa. Niliyoiona inaungua kwa macho yangu.

Nikafanya ishara ya msalaba. Si mimi peke yangu. Magreth alisharuka kwenye mkeka.

"Kimefufuka! Nilikiona kikiteketea! Mmeona sasa? Pepo halichomeki! Padri aliagiza kichomwe na kimechomwa!"

Katekista wetu, mzee Raymundi, akamgeukia taratibu, kijiko mkononi.

"Padri yupi?"

"Padri wetu."

"Maneno yote ya padri kwenda jumuiya napeleka mimi. Hilo sikulipeleka. Na padri yuko likizo kwao." Akatia kijiko mdomoni. "Kaa chini, mama. Shaban, endelea. Huyo kijana alikirudisha kichwa?"

Magreth akakaa. Sijawahi kuona mtu anakaa chini kiasi kile.

Shaban akaendelea, akinibeza kila aya, watu wakivunjika mbavu. Kisha akafika kwenye mto, na sauti ya kubeza ikamtoka bila yeye kujua.

"'Mlekwa akainama autue mzigo. Ndani yake, sauti ya mwenzake aliyefia Ugogo ikasema: Ndugu yangu, usinitue hapa. Hapa hakuna anayelijua jina la mama yangu.'"

Hakuna aliyecheka.

Bibi mmoja, dada wa marehemu, akauliza kwa sauti ndogo, "Alimtua?"

Shaban akanitazama mimi. "Mnyamwezi. Ulimtua?"

"Hakumtua," nikasema.

Yule bibi akafuta uso kwa khanga. "Asante mwanangu."

Niliinuka nikamfuata Shaban. Nikamnyang'anya zile karatasi.

Mkono wa gauni. Kola. Kiuno.

Yalikuwa magazeti. Vipande vya magazeti nilivyokatia gauni la shangazi.

"Shaban, ulikuwa unasoma nini?"

"Kusoma kitu gani? Miaka yote hiyo unanipigia kelele masikioni, ulidhani mimi ni kiziwi?" Akashusha sauti. "Asubuhi nilikuja jikoni kuomba moto wa sigara. Nikakuona. Nikasema huyu mama ni mjinga kuliko nilivyofikiri. Anachoma hadithi yangu bila kuniuliza."

"Hadithi yako?"

"Nimeisikiliza bure? Sasa komboa. Nataka jogoo, na asiwe mgonjwa kama nyie."

Nililipa jogoo. Nilitoa na maharage.

Tangu wiki ile tunakaa barazani, yeye anapiga msumari, anasema, mimi naandika. Anapokosea namrekebisha, ninapopotea ananitukana.

Siku moja nikashtuka. Tulishapita mlima, na hakuna kitu.

"Shaban, hapa palikuwa na theluji. Na joka."

Akainua uso kutoka kwenye kiatu.

"Theluji gani?"

"Niliandika sura nne nzima za theluji! Nilikuwa nazisoma hapahapa!"

Akafikiri kwelikweli, maskini, akakuna kichwa.

"Aah. Zile siku. Zile nilikuwa nalala."

Nikaweka kalamu chini, nikacheka mpaka mteja akaondoka.

Jumapili bado nasoma altareni. Padri aliporudi nilimweleza yote, akaniuliza kitu kimoja tu: kitaisha lini. Kasimiri nimetoka kundini mwake. Nasikia sasa anafundisha ufugaji wa kware. Magreth alikuja kupimwa sare ya jumuiya. Vipimo vikaisha, hakuondoka. Akajifanya anatafuta kifungo. Shaban akaacha kusema makusudi.

"Endeleeni tu," akasema Magreth, akiangalia barabarani. "Mimi sisikilizi."

Wewe unayeandika usiku na mchana, nikuachie hili. Usimpelekee kazi yako mwenye miwani, wala anayekuombea kwa kelele. Isome kwa sauti karibu na mtu anayekudharau wazi, anayegonga nyundo na hana shida na wewe. Pale nyundo inaposimama, hapo umeandika. Pale anapolala, choma mwenyewe, wala usingoje msiba.