Kapya na Shimo la Shambani kwa Madame

Siku Kapya alipoitwa shambani kwa Madame Germaine, njia ya Kasapa, aliambiwa nyumba ile ni ya kale sana, ya mwaka 1912, na itafanywa upya ili wazungu wa Élisabethville waje kuitazama kila Jumapili. Huo ulikuwa mwaka 1951. Kapya alikuwa fundi wa matofali. Shoka la baba yake liliizidi nyumba ile kwa umri, na hakuna aliyewahi kuja kulitazama.

Madame alitaka matofali kama yale ya mwanzo, ya udongo wa kichuguu, na kichuguu kikubwa kilikuwa hapohapo mbele ya barza ya nyumba. Bei waliipatana upesi. Kisha Kapya akaongeza ombi.

“Nikimaliza, Madame, shimo itakayobakia ikuwe yangu.”

Madame alicheka mpaka akakaa chini. Watu walishamwomba sukari, koti, barua ya kazi. Mwenye kuomba shimo alikuwa hajamwona. Akamwandikia karatasi, akatia sahihi.

Kapya hakuwa na wazimu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shamba lile, mbali na maji. Mkewe, Mutale, alibeba muhogo mwendo wa saa nzima kwenda kuuloweka mtoni, na mizigo ya safari alikwisha kuifunga.

“Baba Bwalya, mimi hapana punda,” alimwambia. “Mvula ikianza na mayi ingali mbali, narudia kwa mama, kule Kambove.”

Ukuta ukasimama, mvua ikanyesha, shimo likajaa. Madame alikuwa mjini wiki ile akinunua vikombe, naye Mutale akamwaga humo vikapu vitano vya muhogo. Siku ya nne ukaanza kunuka, kama unukavyo muhogo uliolowa vizuri. Ilikuwa Jumapili ya ufunguzi.

Wageni walianza kwa kulaumu jibini, ikaondolewa. Wakamlaumu mbwa, akaondolewa. Mzee mmoja mwenye nishani akakagua nyayo za viatu vyake, halafu za mke wake. Kufika saa kumi, barzani alibaki Madame na keki tatu.

Alipomwita Kapya atoe uozo wake, Kapya alitoa karatasi. Madame akaisoma sahihi yake mara mbili. Akataja pesa, Kapya akasema pesa hailoweki muhogo. Alichotaka ni birika la simenti la kunyweshea ng'ombe, lenye robine ya kufungulia maji, kule nyuma karibu na nyumba ya Kapya.

“Birika ile ni ya kale,” Madame akalia. “Wageni wanapaswa kuiona.”

“Na shimo yangu iko mupya, Madame. Mimi njo mwenye hasara.”

Wakabadilishana. Madame alitia bata shimoni, na wageni wakajaa; wanaketi wameupa mgongo ukuta wa Kapya, wanatazama bata, na mwaka wa nyumba hakuna anayeuliza. Mutale alifungua mizigo, kisha akawaita wanawake wote wa jirani walete muhogo wao birikani, chini ya dirisha la mumewe. Kapya anapata bukari nyeupe, ugali wa muhogo, kila jioni, na mke yupo. Rafiki zake tu ndio hawaji tena kumtembelea.